Ankara ya Mteja wa Mfano

YAH: KUTOWASILISHWA KWA ANKARA ZA MIEZI SABA (FOMU NAMBA 14, SEHEMU YA B).

Sehemu ya B inamtaka mfanyabiashara aeleze sababu kwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja tu. Visanduku ni vinne: moto, mafuriko, wizi, wadudu waharibifu. Chini yake upo mstari wa "sababu nyingine", mfupi kama kidole gumba, kwa ajili ya watu ambao balaa zao hazikufuata utaratibu. Mwenye duka la vioo alikuwa na fomu hiyo kaunteni tangu Ijumaa jioni. Alikuwa hajaweka alama popote.

Mambo yalianza Jumanne. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya kaunta ikatoa harufu ya ngozi iliyoungua, kisha ikazimika. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya ankara, na ndani ya programu mlikuwa na duka zima. Mke wa mwenye duka, aliyekuwa karani, mhasibu na mpokea simu kwa mshahara wa kushukuriwa, hakupiga kelele. Alifungua kopo la vifungo akatoa flashi mbili. Nyekundu ilikuwa na nakala ya Ijumaa iliyopita. Ya buluu ilikuwa ya zamani, ya miezi saba nyuma, aliyoitunza kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa vitu.

"Mama, watu kama wewe ni wachache," fundi kompyuta waliyemwita alimsifu. "Wengine huniletea maiti bila hata picha yake."

Jumatano mchana, kwa flashi nyekundu, duka likarudi. Wateja wote wakarudi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa jambo moja dogo.

Programu ile, ilipowekwa miaka tisa iliyopita, ilikuja na mteja wake wa kujifunzia. Jina, Mteja wa Mfano. Anwani, Mtaa wa Mfano, nyumba namba sifuri. Picha yake ilikuwa kivuli cha kijivu, kichwa na mabega, bila uso. Duka jingine lingemfuta. Wao walimpa kazi. Kioo kikivunjika lazima kitoke kwenye hesabu ya stoo, na programu haikuruhusu kitu kitoke bila mnunuzi. Basi kila kilichovunjika au kupotea waliandika kimeuzwa kwa Mteja wa Mfano. Kwa miaka tisa alikuwa mteja wao mwaminifu kuliko wote: hakulipa, lakini pia hakulalamika.

Sasa, mbele ya kila ankara yake, mahali palipoandikwa "Haijalipwa" palisomeka: "Imelipwa. Inasubiri kuchukuliwa." Njia ya malipo: "Nyingine".

"Hii imekujaje?" mke aliuliza.

"Umeme," fundi kompyuta alijibu. Mafundi wa aina yake wana jibu hilo kama wenzao wa magari walivyo na jibu la plagi.

Alhamisi asubuhi, rundo la vigae vya kioo lililokuwa nyuma ya duka halikuwepo. Vigae vya miaka tisa, na uwanja umebaki mweupe bila hata punje.

"Wezi wa siku hizi wana adabu," alisema mwenye duka. "Wamefagia."

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta. Ankara za mwanzo za Mteja wa Mfano, moja baada ya nyingine kuanzia ya kale kabisa, zilikuwa zimebadilika. Zilisomeka: "Imechukuliwa."

Adhuhuri kile kioo cha kujitazama chenye ufa, kilichotundikwa chooni tangu mwaka wa tatu wa programu ile, kikatoweka na msumari ukabaki. Alasiri ikasikika, nyuma ya kabati zito, sauti ya futi ya chuma ikijirudisha ndani ya kasha lake, krrrr, polepole, kama inavyorudishwa na mtu asiye na haraka. Futi hiyo ilipotea miaka minne iliyopita. Walisogeza kabati. Palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi alama safi ya mraba, mahali ilipokuwa imelala hadi dakika ile.

Mke alirudi kwenye kompyuta, akaitembeza orodha hadi chini, kwenye ankara ya mwisho. Alipoisoma alishika ukingo wa kaunta.

Fundi wa duka hilo alikuwa mdogo wa mwenye duka, na watu walimwita Milimita kwa sababu hakuwahi kukosea kipimo. Miezi saba nyuma alianguka ngazini akifunga dirisha la ghorofani, akavunjika paja. Siku aliporudi kutoka hospitali, shemeji yake, kwa ule utani wa mashemeji usiojua hospitali wala matanga, alimwandikia ankara mbele ya macho yake: "Fundi mmoja, amevunjika mguu, auzwe kama alivyo. Mkongojo haumo kwenye bei."

"Nani atanunua takataka hiyo?" Milimita aliuliza siku ile.

"Mteja wa Mfano hachagui, shemeji. Kila kibovu kwake ni dhahabu."

Walicheka mpaka Milimita akashika mguu kwa maumivu. Kisha mke akabonyeza "hifadhi", na mzaha ukahifadhiwa.

Sasa alijaribu kuifuta. Programu ikamjibu kwa heshima kuwa ankara iliyolipwa haiwezi kufutwa. Akajaribu kumfuta mteja mwenyewe. Ikamjibu kuwa mteja mwenye mzigo unaosubiri hawezi kufutwa. Hata jini, alipokwisha kuingia kwenye mfumo, alilindwa na kanuni.

Ijumaa, kwenye mwanga mkali wa saa sita mchana, Milimita alikuwa ameketi kwenye meza ya kukatia chumba cha nyuma, mkongojo kando, anachovya kikatio kwenye mafuta ya taa, alipohisi harufu nyingine, ya mchanga uliopashwa moto hadi ukaanza kulia. Akainua macho kwenye vioo vya kujitazama vilivyopangwa ukutani kusubiri wenyewe, na katika cha kwanza akaona mgongo wake, na nyuma ya mgongo wake mlango, na mlangoni amesimama mtu wa kijivu, kichwa na mabega, na pale penye uso palikuwa laini kama yai. Akageuka haraka na mlango ulikuwa mtupu, akarudisha macho na yule mtu alikuwa kwenye kioo cha pili, karibu zaidi, na katika cha tatu karibu zaidi ya hapo, na katika cha nne alikuwa ameinama, kwa utulivu wa mteja anayekagua mzigo kabla ya kuupokea, anautazama mguu.

"Kaka," Milimita aliita kwa sauti ndogo. "Njoo. Usikimbie, njoo tu."

Mganga waliyemwita alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani ya kusomea. Hakufukiza kitu. Aliomba aonyeshwe kompyuta, akasoma orodha yote, midomo ikimchezacheza.

"Kazi yangu ni kumtoa aliyeingia," alisema. "Huyu hakuingia. Mmemfungulia akaunti."

"Tufanye nini, mama?" mwenye duka aliuliza.

"Mmemuuzia, amenunua, amelipa. Mwenye haki ni yeye. Rudini siku ambayo mlikuwa hamjamuuzia huyu kijana." Akafunga mkoba. Ujira aliukataa, na risiti pia.

Kurudi siku hiyo kulikuwa na maana moja tu: flashi ya buluu, ambayo ilijazwa Ijumaa moja kabla ya Milimita kuanguka. Na maana ya flashi ya buluu ni kupoteza ankara zote za miezi saba, wakati wakaguzi wa kodi wanakuja Jumatatu na kibali cha duka kiko mikononi mwao. Fundi kompyuta aliwaeleza hayo taratibu, flashi ikiwa kiganjani.

Mwenye duka aliikodolea macho flashi.

"Kaka, unapiga hesabu," Milimita alisema.

"Sipigi."

"Unapiga. Midomo inacheza."

Mwenye duka alimtazama mdogo wake, paja lililoungwa, vidole vyenye makovu. "Rudisha," alimwambia fundi kompyuta. "Rudisha sasa hivi."

Ilichukua dakika ishirini. Kwenye chumba cha nyuma mke alikuwa amevifunika vioo vyote kwa mashuka, na mashuka yalikuwa yanapumua, yakiingia na kutoka, kila moja kwa wakati wake, kisha yote kwa pamoja, huku harufu ya mchanga wa moto ikiwakaba koo na Milimita akiwa ameshikwa mkono huu na kaka na ule na shemeji kama mtoto anayefundishwa kutembea, mpaka kompyuta ilipotoa mlio mdogo wa kumaliza kazi na mashuka yakatulia. Orodha ya Mteja wa Mfano iliishia kwenye kioo cha dirisha kilichopasuka. Fundi mmoja hakuwemo.

Flashi nyekundu waliiponda kwa nyundo. Jumamosi walilala mchana. Jumapili Milimita alimwambia shemeji yake, "Ungeniandikia bei nzuri, labda angeniacha," na kwa mara ya kwanza wiki hiyo wakacheka.

Jumatatu asubuhi mwenye duka aliketi na fomu namba 14. Chumba cha nyuma Milimita alikuwa kazini. Mlio wa kikatio juu ya kioo ulisikika, mwembamba na ulionyooka. Fundi kompyuta akaingia na uso wa mtu anayeleta habari za mtoto wa kiume.

"Usijaze, mzee. Miezi saba yenu ninayo."

Mke aliweka simu chini. "Unayo wapi?"

"Mimi si mgeni wa kazi hii, mama. Sifuti kitu kabla sijachukua nakala. Niliificha kwangu Ijumaa, na leo saa nne kamili nimeifungua kuhakikisha inafunguka. Nakala isiyojaribiwa si nakala. Imefunguka yote, haina kasoro."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi. Mwenye duka alitaka kuuliza kitu, kisha akagundua kuwa mlio wa kikatio ulikuwa umekoma, na hakuweza kukumbuka ulikoma lini.

Harufu iliwapokea mlangoni. Juu ya meza palikuwa na kioo chenye mstari mmoja uliofika katikati, umenyooka bila kupinda hata milimita, na mwisho wake tone la mafuta ya taa lilikuwa bado bichi. Kiti kilikuwa cha moto.

Wakaguzi walipofika walimkuta mwenye duka kaunteni, fomu imejazwa. Visanduku vyote vinne alikuwa ameviacha wazi. Kwenye mstari wa sababu nyingine, kwa herufi ndogo ili zitoshe, alikuwa ameandika: Mteja amekuja kuchukua mzigo wake. Mkongojo ameuacha.