Kikombe cha Nne

Kikombe kilikuwa na joto bado. Hafidha aliingia ukumbini kukusanya vyombo baada ya chai ya mchana, akakuta vikombe vinne juu ya sinia, na nyumba ile ina watu watatu: yeye, mumewe Mahadhi, na mama mkwe wake Bi Kuluthumu, mwanamke wa Faza aliyekuwa na neno la kusema juu ya kila kitu isipokuwa makosa yake mwenyewe. Kikombe cha nne kilikuwa kimenywewa nusu. Hafidha akamuuliza mama mkwe ni nani aliyepita. Bi Kuluthumu akasema hakupita mtu, labda mumewe siku hizi anakunywa kwa mikono miwili.

Mwanamke mwingine angekiosha akasahau. Lakini Hafidha wiki hiyo alikuwa na kazi ya kuhesabu vikombe, na kazi hiyo aliileta kutoka hotelini.

Hoteli aliyoajiriwa ilikuwa moja ya zile za Malindi ambako Wataliano hujigeuza juani kama kaimati mafutani. Mwaka ulikuwa themanini na sita, na hoteli imenunua kompyuta. Mashine ilipewa chumba chenye kipoza hewa, meneja mwenyewe akijipepea kwa gazeti chumba cha pili. Akaletwa pia mwalimu kutoka Nairobi, Gitau, bwana mrefu asiyevua tai hata jua likiwa la kukaanga samaki, awafundishe Hafidha wa ofisini na Aboud wa stoo kujenga kitu kinachoitwa mchemraba wa takwimu.

Gitau alieleza kwamba karatasi ina pande mbili tu, lakini hoteli inataka kujua mambo matatu kwa mpigo: kinywaji gani kimeuzwa, kaunta gani, mwezi gani. Akaweka boflo zima, mkate wa kukata, juu ya meza. Ukilikata hivi, kila kipande ni mwezi. Ukilikata kwa urefu, kila ukanda ni kinywaji. Ukilikata kwa ubapa, kila tabaka ni kaunta. Na ukilikata kote, unabaki na vijichumba, kila kimoja kimebeba namba yake. Ukitaka jibu unataja pande tatu, kijichumba kinajibu. Alipogeuka kuandika ubaoni, Aboud, ambaye hakuwa amestaftahi, alikuwa amekwisha kuila Juni yote na ameanza kumung'unya ganda la Julai.

"Vijichumba vingi vitakuwa vitupu," alisema Gitau, akilisogeza boflo mbali na Aboud. "Si makosa. Na upande unaoweza kukua, acheni nafasi moja isiyo na jina. Kupanua baadaye ni kama kubomoa ukuta."

Kisha akawapa zoezi. Kila mmoja ajenge mchemraba mdogo wa kitu anachokijua kwa moyo. Hafidha akaijenga nyumba yake. Upande mmoja watu, upande wa pili vyumba, upande wa tatu nyakati za siku. Na ndani ya vijichumba, vikombe vya chai vilivyonywewa. Kwenye vyumba akaandika ukumbi, jikoni, chumba cha mama, chumba chao, akaacha nafasi. Kwenye nyakati hakuacha kitu, maana siku haikui. Kwenye watu akaandika majina matatu, akaacha nafasi, na hapo kidole kikasita.

Kwani Hafidha alikuwa mja mzito, mimba ya mwezi wa tano. Mbili za kabla yake ziliondoka kabla hazijacheza. Hii ya tatu ilikuwa imecheza, na nyumba nzima ilijifanya haijui. Bi Kuluthumu, ambaye kwa kawaida hakuficha hata harufu ya jirani, tumbo lile aliliita shibe. "Shibe yako yaendeleaje, mwanangu?" angeuliza kwa sauti ya chini, asisikie mwenye masikio mabaya. Hata na Mahadhi, Hafidha hakupenda walizungumze. Lakini mbele ya mashine ile, peke yake, aliitazama nafasi isiyo na jina na moyoni akajua ni ya nani.

Sasa, kesho yake baada ya kikombe kile, aliiuliza mashine jumla ya vikombe. Jumla ikazidi kwa kimoja. Akaukata mchemraba kipande kwa kipande kama boflo. Asubuhi, sawa. Jioni, sawa. Adhuhuri, palikuwa na moja ambayo hakuiandika yeye. Chumba: kile kisicho na jina. Mtu: yule asiye na jina.

Gitau akasema kidole kimeteleza. Aboud akaapa hajagusa kitu, na akanyoosha mikono kuonyesha haina hata makombo. Hafidha akaifuta ile moja, akaenda zake nyumbani, na alipovua buibui akasikia nyuma ya ukuta wa chumba chao mwiko wa fundi ukikwangua. Kwaa. Kwaa. Mtu anapiga chokaa. Ila nyuma ya ukuta ule hapana chumba. Pana kichochoro chembamba hata mbuzi wawili wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume. Mahadhi akazunguka kutazama. Hapakuwa na fundi wala ngazi. Ila akarudi akikunja pua, akasema kule nje kwanukia chokaa mbichi.

Siku iliyofuata ile moja ilikuwa imerudi, ila imehama. Mtu yule yule asiye na jina, adhuhuri ile ile, sasa yuko ukumbini. Hafidha akafuta. Kesho yake ikarudi jikoni. Akafuta, na jikoni kwake akakuta sukari imechotwa na kijiko kimelowa. Ikarudi chumba cha mama. Akafuta, na mashine ilipoulizwa tena ikajibu: chumba chao.

Mchana huo hakula. Alijilaza kitandani wakati ambao Malindi yote imefunga milango, hata kunguru wamenyamaza kwa joto, na ukuta ukaanza kukwangua karibu mno, si tena kama mtu aliye upande wa pili bali kama aliye ndani ya jiwe lenyewe akilimega kuja huku, na harufu ya chokaa mbichi ikajaa chumbani mpaka ikamkaa kooni, kisha mkwaruzo ukakoma na badala yake ukagongwa ukuta, mara mbili, polepole, kama mgeni mstaarabu anayebisha hodi, na kabla Hafidha hajapata pumzi ya kupiga kelele kitu ndani ya tumbo lake kikajibu, mara mbili, polepole vile vile.

Akamwita mama mkwe kwa sauti iliyopita mlango kwa shida. Bi Kuluthumu akaja, akaweka kiganja juu ya ile shibe. Ukuta ukagonga. Kiganja kikarushwa. Bi Kuluthumu akakirudisha pale pale, kikarushwa tena.

Neno lake lilikuwa fupi. "Kanze," alinong'ona. "Yule wa Ganda."

Bi Kanze wa kijiji cha Ganda alikuwa na kazi mbili. Alhamisi alichezesha ngoma ya kayamba pale pale hotelini, Wataliano wakimpiga picha. Siku zilizobaki aliwatoa watu majini na pepo, na kazi hiyo hakupigwa picha. Kwa hiyo walipomleta kesho yake, Gitau akiwa ameenda kula, askari alifungua geti akauliza tu wenzake wa ngoma wako wapi. Aboud akawekwa mlangoni kulinda, wanawake watatu wakaingia kwenye baridi ya chumba kile.

Bi Kanze alisikiliza kisa chote akiitazama mashine kama anavyotazamwa mgonjwa. Akawasha ubani, kipoza hewa kikautapika ukajaa chumba. Akamwambia Hafidha amuulize.

"Nimuulize nani?"

"Huyo. Si ulimfanyia mahali pa kujibia?"

Hafidha akataja pande tatu. Asiye na jina. Chumba chao. Adhuhuri. Kioo cha mashine kikajibu: moja.

"Sasa tazama," alisema Bi Kanze. Akausogelea uso wa kioo mpaka pua ikagusa, akaongea kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayedai kodi. Ile moja ikatoweka. Hakuna aliyegusa kitufe. Hafidha akauliza chumba baada ya chumba, vyote vikawa vitupu, na alikuwa anaanza kushukuru pale tumbo lake lilipokwanguliwa, kwa ndani, kwa mkwaruzo ule ule wa mwiko, akashika meza kwa mikono miwili asianguke na kinywani akapata ladha ya chokaa.

"Ulikuwa ukimfuta?" aliuliza Bi Kanze.

"Kila siku."

"Basi ulikuwa ukimhamisha. Ulijenga nyumba, ukaacha nafasi ya mtu, na moyoni ukamwita aje. Akaja wa kwanza kusikia. Kila ukimfukuza chumba hiki aingia kile. Sasa amebakiza kimoja." Hakulitazama tumbo. Hakukuwa na haja. "Mwenye nafasi awekwe ndani. Mwandike."

"Hana jina," alisema Hafidha, na machozi yakaanza. "Hajazaliwa. Kwetu jina ni siku ya saba. Tukimtaja mapema tutamtaja kwa wabaya."

"Mbaya yumo tayari, mwanangu."

Bi Kuluthumu akajifunga leso kiunoni.

"Andika Kuluthumu," alisema. "Jina langu wanaliogopa hata madalali."

"Na akiwa mwanamume?" Hiyo ilikuwa sauti ya Aboud mlangoni, kwani hapana hofu iliyopata kufunga kinywa kile.

"Atavumilia. Kama ninavyokuvumilia wewe sasa hivi."

Hafidha akaandika. Herufi ya kwanza ikafutika yenyewe. Akairudia. Vitufe vikawa baridi, vikalowa, vidole vikateleza juu ya uji mweupe uliotoka katikati ya herufi kama chokaa inayovuja ukutani, na kila alipoongeza herufi tumbo lilikwanguliwa kwa nguvu zaidi, na Bi Kanze akawa anapiga mapaja kwa mdundo, na Bi Kuluthumu amemkumbatia mkwewe kwa nyuma kiganja juu ya tumbo akilitaja jina lake mwenyewe sikioni mwake tena na tena, Kuluthumu, Kuluthumu, mpaka herufi ya mwisho ikakaa na haikufutika.

Mashine ikazimika. Harufu ikaondoka kama mtu aliyekatiza mazungumzo. Kisha mtoto akajigeuza tumboni, laini, kama samaki mdogo, kama watoto wanavyojigeuza.

Gitau aliporudi alikuta ubani, unga mweupe kwenye vitufe, na wanafunzi wake wamekaa kwa adabu. Aliandikia Nairobi kwamba hewa ya chumvi haifai kwa mashine.

Mtoto alizaliwa msichana, mzima, na Aboud alisikitika waziwazi. Siku ya saba akaitwa Kuluthumu mbele ya watu. Bibi yake akambeba mtaa mzima kana kwamba amejizaa mwenyewe. Hotelini mchemraba wa vinywaji ukakamilika, mashine ikaja nyingine, ile ya kwanza ikauzwa na nyumba ya Hafidha imo ndani yake. Ukuta haukugonga tena. Vikombe vikawa vinne, na kila kimoja kina mwenyewe.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mchana mmoja, milango ya Malindi imefungwa na kunguru wamenyamaza, Hafidha alikusanya vyombo akakuta kikombe cha mtoto hakipo kwenye sinia. Akamfuata chumbani. Kuluthumu mdogo alikuwa amekaa sakafuni, ameuelekea ukuta, kikombe chake amekiweka mbele yake karibu kabisa na jiwe, kwa heshima, kama anavyowekewa mgeni.

"Mama, wafanya nini hapo?" aliuliza Hafidha polepole.

"Nangoja afungue."

Hafidha alisimama na sinia mkononi. Nafasi ya mtu waliijaza, herufi kwa herufi, watu wanne wakishuhudia. Ile ya chumba, kwenye upande wa pili, hakuna aliyeikumbuka, wala bibi, wala mganga, wala yeye aliyeiacha.

"Njoo kwa mama," alisema.

Mtoto akainuka, akaja kwa utiifu, akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimelowa. Hafidha akavigeuza kwenye mwanga. Vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kucha, kwa chokaa mbichi.