Watoto wa Ukutani

Kila Ijumaa asubuhi, darasa la sita la shule moja ya Muyeye, Malindi, lilikuwa na mjadala. Mwaka huo wa 1986 Mwalimu Kasiva alikuwa akiwasimulia habari za wanazuoni wa kale, na swali la juma hilo lilikuwa moja: tunaonaje? Baadhi ya Wagiriki wa kale walisema jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Miaka elfu moja hivi iliyopita Ibn al-Haitham, mzaliwa wa Basra, alisema sivyo. Mwanga ndio unaotoka kwenye kitu ukaingia jichoni.

Kanze na Dena walipewa upande wa Wagiriki. Kanze alifurahi. Macho ya paka hung'aa gizani. Nani angeipinga hoja hiyo?

Alhamisi alitumwa stoo kuchukua chaki. Upepo ukaufunga mlango nyuma yake, giza likatanda. Mara akaona kwenye ukuta wa chokaa watoto wadogo wanakimbia, vichwa chini, miguu juu. Akafumba macho, akafumbua, bado wapo. Ndipo alipoona tundu dogo kwenye ubao wa dirisha, upande wa uwanjani walikokuwa wakicheza wenzake. Akaliziba kwa kidole. Watoto wakatoweka. Akaachia, wakarudi.

Alitoka bila chaki.

"Kama macho yangu ndiyo yanayotoa miali," alimwuliza Dena, "kidole changu pale tunduni kimezuia nini?"

"Sijui, na wewe usijue," Dena alimjibu. "Ukilisema hilo kesho, tumeshindwa."

Jioni nzima Kanze hakujielewa. Mama alimwita mara tatu aende mferejini kuteka maji, hakusikia.

Ijumaa alisimama mbele ya darasa, akaanza na hoja yake ya macho ya paka, akakwama.

"Mwalimu, nimechanganyikiwa," alisema. "Nilichokuja kusema na nilichokiona havipatani."

Akaeleza yote. Darasa likaangua kicheko. Jedida, wa upande wa pili, akasema labda ni majini ya stoo.

Mwalimu Kasiva hakucheka. Aliwaingiza stoo kumi kumi, akafunga mlango, na kicheko kikaisha. Kisha akachora ubaoni mistari miwili inayokatana penye tundu: mwanga wa kichwani unashuka, wa miguuni unapanda. Kanze akashusha pumzi.

"Na paka?" aliuliza.

"Macho yake huurudisha tu mwanga unaoyapiga. Penye giza totoro hayang'ai."

Alama zikaenda kwa kina Jedida. Dena alinuna. "Kwa hiyo Wagiriki walikuwa wajinga, Mwalimu?"

"La, mwanangu. Walifikiri sana kwa kile walichokuwa nacho, na wao kwa wao walibishana. Lakini elimu imesonga kila alipotokea mtu akajaribu, akaona, kisha akasema alichokiona hata kama kinamwangusha. Leo Kanze ameshindwa mjadala. Katika kujifunza, amewatangulia nyote."