Niliona Muhali Kuuliza, Mwanangu Akanyamaza

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na saba, ni mjane, nakaa Ng'ambo, hapa mjini Unguja. Nafua mashuka katika hoteli moja ya Kendwa. Nimejaaliwa mtoto mmoja tu, na huyo ndiye anayenifanya niandike haya huku nalia... Nitamwita Rukia, ingawa si jina lake.

Rukia alijifungua mtoto wa kiume, mtoto akafariki kabla ya kupewa jina. Arubaini haijatimia, mumewe akampa talaka kwa ujumbe wa simu! Kwa simu, jamani! Hata kuja mlangoni hakuja. Mwanangu akarudi kwangu na sanduku lake, akafunga mdomo. Hali chakula mpaka nimlazimishe, hasemi, yupo yupo tu. Nikampeleka kusomewa, nikamnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, kila jirani akaleta dawa yake na maneno yake. Wapi!

Mwenzangu wa kazini akaniambia wapo watu waliosomea kumsikiliza mtu aliyeumia moyoni, wanaitwa washauri nasaha, na yuko mmoja mzuri katika zahanati ya binafsi pale Mji Mkongwe. Nikamwendea ofisa wa hoteli anayeshughulikia bima zetu, nikamuuliza kama bima inalipia ushauri.

"Ushauri? Inalipia, Bi mkubwa," alinijibu, macho kwenye simu yake.

Nilimwombea dua yule kijana kwa furaha. Laiti ningejua...

Mshauri, nitamwita Bi Salma, alitupokea kwa chai ya mdalasini. Katika kuulizana, kwao wapi, kwetu wapi, ikatokea kwamba marehemu mama yake na marehemu mama yangu walikuwa mashoga, marafiki wa kufa na kuzikana! Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo, anamshika mwanangu mkono na kumwita mdogo wake, utamuuliza bei? Niliona muhali, haya zikanizuia. Pale mapokezi nikatoa kadi, wakasema watapeleka madai kwa watu wa bima, nikashukuru nikaondoka.

Wiki zikapita. Rukia akaanza kuomba chai mwenyewe. Akasuka nywele. Siku moja tunachambua mchele akanambia, "Mama, nshamwambia Bi Salma mtoto alifanana na nani. Wiki ijayo ntamwambia yalonikuta kule chumba cha kuzalia. Sijamwambia mtu hayo."

Nilijificha jikoni nikalia kwa raha.

Wiki ijayo ikafika, tukaenda. Kijana wa mapokezi akanirudishia kadi yangu. Madai yote yamekataliwa!

"Mama, bima yako inalipia ushauri wa daktari," akasema. "Yaani kumuona daktari, akupime, akuandikie dawa. Huu ni ushauri nasaha. Haumo."

"Si ushauri ni ushauri tu, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Neno moja! Hilo 'ushauri' ndilo lililoniponza. Bi Salma akatoka, hawezi hata kunitazama. Kumbe alishasikia zamani kwamba bima inakataa, akaona muhali kunambia, kwa heshima ya mama zetu! Sasa mwenye zahanati kampiga marufuku kutupokea mpaka deni lilipwe. Niliomba, nikalia mbele za watu. Nani wa kunisikia? Rukia alikuwa kakaa pale pale, anasikia kila kitu. Akainuka, akavuta buibui lake, akatoka.

Nikauza bangili zangu za harusi, deni likaisha. Lakini pesa za kuendelea nitazitoa wapi? Ndipo nikaja kuambiwa kwamba hospitali ya serikali inayo huduma hiyo hiyo, kwa gharama ninayoimudu. Ilikuwepo siku zote! Nilikimbia nyumbani kama mtoto. Rukia akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mara ya mwanzo nlifungua moyo, nkafungiwa mlango. Sianzi tena kwa mtu mwengine."

Hajasema neno tangu siku hiyo. Nimembembeleza, nimemwapia, nimempigia magoti mwanangu niliyemzaa. Bi Salma kaja mwenyewe mlangoni, Rukia kajifunika shuka. Nifanye nini tena? Yaliyomkuta kule chumba cha kuzalia siyajui, na sijui kama nitakuja kuyajua...

Ndugu zangu, kabla hamjampeleka mtu wenu kwa mshauri, ulizeni! Bima inalipia ushauri upi? Mara ngapi? Isipolipa, mgonjwa ataachwa njiani? Na kwengine ni bei gani? Ulizeni hata kama ni mtoto wa shoga yake mama, hata uso ukiwaiva kwa haya. Nawasihi, msione muhali kama mimi.

Mwanangu yupo chumba cha pili. Nasikia anakohoa tu.