Mnasihi na Matusi ya Mzee Ndekirwa

Mzee Ndekirwa alifungua kinywa, akatukana, na tusi lake halikufika popote.

Lilitoka vizuri tu, kwa nguvu zote za kifua chake kibovu. Lakini kabla halijaingia kwenye sikio la mjukuu wake, Aikande, kidude chenye ukubwa wa punje ya hindi kilichobandikwa nyuma ya sikio hilo kililipima, kikaliona lina sumu, kikalizima. Mahali pa sauti ya babu kikaweka mvumo mwororo wa maji.

"Nimekukinga," Mnasihi akamwambia Aikande kwa sauti yake tamu. "Vuta pumzi. Utulivu wako leo ni themanini na moja."

Aikande akavuta pumzi, akaendelea kunywa chai.

Hicho ndicho chombo ambacho mji wa Moshi ulijivunia mwaka 2094, na mimi nasema wazi, sijapata kuona ujinga uliovalishwa nguo nzuri kama ule. Kila kijana wa miaka kumi na sita hadi ishirini na mitano alikuwa na Mnasihi sikioni. Alimwamsha, alimpangia usingizi, alimfundisha kujibu maswali ya usaili, alimtafutia mafunzo na kazi. Tusimnyime haki yake: vijana waliokuwa wakijifungia vyumbani na kukata tamaa walipungua kweli. Lakini kiburi chake kilikuwa kwenye kizibo. Sauti yoyote aliyoihukumu kuwa ya kuumiza aliizima, asikuulize. Na fursa zote zilikwenda kwa alama. Utulivu ukishuka chini ya sabini, huitwi popote, hata uwe na akili za kupasua mawe.

Aikande alikuwa na miaka kumi na tisa. Roboti ya kupalilia kahawa aliweza kuifungua yote na kuirudisha kabla chai yake haijapoa. Chuo cha Mafundi wa Anga, kile kinachopeleka watu juu kutengeneza setilaiti zilizoharibika, kilimchagua yeye peke yake kutoka mkoa mzima. Sharti lilikuwa moja: siku mia moja na Mnasihi sikioni, usiku na mchana. Ukimvua hata dakika moja, nafasi yako anapewa mwingine papo hapo.

Sasa tatizo likawa Babu, maana siku zote Aikande alikuwa akimvua Mnasihi akifika nyumbani. Mzee Ndekirwa alimlea Aikande tangu ana miaka mitatu, na hakujua kupenda bila kutukana. Kwani kuna ajabu gani? Babu na mjukuu ni watani, kila mtu anajua. Alimwita mke wangu. "Mke gani huyu," angesema mbele ya wageni, "sura kama ndizi iliyosahauliwa kwenye gunia!" Na Aikande angemjibu, "Na wewe mume gani, una meno manne na yote yanagombana!" Majirani wakicheka hadi kushika mbavu. Hivyo ndivyo walivyosalimiana kwa miaka kumi na sita.

Shangazi Eliaichi, binti wa Mzee, alijaribu kumsihi. "Baba, ongea naye kwa adabu tu. Atakusikia. Si ni siku mia moja tu?"

"Niongee na mjukuu wangu kama naongea na hakimu?" Mzee akafoka. "Amenishtaki?"

Akaendelea kutukana kila asubuhi, makusudi, akijua hasikiki. Na Aikande, tuseme ukweli, alimkasirikia. Aliona mzee anamharibia riziki kwa ukaidi. Wiki ya saba akaanza kulia chakula chumbani kwake.

Siku ya tisini na saba Mzee alishindwa kunyanyuka kitandani. Kifua kilikuwa kimembana. Aikande akampelekea maji, akamshika kichwa anywe. Mzee alimtazama, akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu mjukuu wake akamsikia:

"Ahsante sana kwa maji, binti. Samahani kwa usumbufu."

Aikande alishtuka hadi akamwaga maji. Katika nyumba ile maneno hayo waliambiwa mabwana afya na wachungaji wageni. Kabla hajajibu, Mzee akatabasamu, midomo ikaanza kwenda tena, maneno mengi, akimnyooshea kidole, akicheka na kukohoa. Sikioni mwa Aikande yakavuma maji.

"Nimekukinga," akasema Mnasihi.

Saa sita mchana Mzee Ndekirwa alikuwa amekufa.

Saa nane Aikande alikuwa ghorofa ya thelathini ya Taasisi ya Utulivu, mbele ya meza ya Mhandisi Namsifu Mbwambo. Huyu ndiye aliyemfundisha Mnasihi kupima maneno. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, Mpare wa Usangi, mpole, amevaa miwani iliyomwonyesha alama za kila kijana aliyeingia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole sana kwa msiba, binti. Utulivu wako umeshuka hadi sabini na tatu, nakushauri ukapumzike."

"Sikuja kupumzika. Nataka maneno ya babu yangu. Yale mliyoyazima leo asubuhi. Najua mnayahifadhi."

"Yapo. Lakini nikiyapiga hapa, Mnasihi atayazima tena."

"Yapige. Usikilize wewe."

Namsifu akayapiga. Aikande alisikia maji, akakaza macho kwenye uso wa yule mhandisi. Aliona nyusi zinapanda. Aliona kicheko kinamtoka ghafla, Namsifu akakifunika kwa kiganja. Halafu macho yakamwiva mekundu, akavua miwani.

"Amesema nini?"

Namsifu akachagua maneno. "Amekutakia safari njema."

"Babu?"

"Kwa maana yake, ndiyo. Amekuombea usalama huko uendako."

"Babu yangu hajamtakia mtu safari njema tangu azaliwe!" Aikande aligonga meza. "Usinitafsirie. Amesema nini?"

"Nikisema neno kwa neno hutanisikia. Naweza kukuandikia."

"Babu hakuwa barua." Mnasihi alikuwa akimnong'oneza avute pumzi. "Nani aliyekiambia kidude hiki kwamba yule mzee ni sumu?"

"Mimi," akasema Namsifu.

Akamweleza, kwa sababu wataalamu wakibanwa hukimbilia maelezo. Walitafuta nyumba mia nne zinazosifika kwa upendo, za Moshi mjini na za milimani. Wakaweka vinasa sauti sebuleni mwezi mzima, ili mashine ijifunze watu wanaopendana wanavyoongea. Chochote kilicho mbali na mazungumzo hayo, ikione ni cha kuumiza.

"Na wenye nyumba waliambiwa wanarekodiwa?"

"Lazima. Ni haki yao."

Aikande akacheka kicheko kibaya. "Basi mliwapelekea mgeni."

Namsifu alikuwa anakumbuka bibi mmoja wa Ugweno aliyefuta meza kwa upindo wa khanga, akakiwekea kile kinasa kikombe cha chai ubavuni. Nyumba zote mia nne zilifanya vivyo hivyo. Watu wetu ndivyo walivyo, mgeni akiwa sebuleni hakuna anayetukanwa. Mwezi mzima watu wakaambiana tafadhali, wakaombana radhi, wakaficha utani wao uvunguni pamoja na vyombo vilivyopasuka. Mashine ikajifunza kwamba upendo ni ile lugha ya kumwongelesha mtu unayetaka aondoke salama.

"Uligundua lini?" Aikande akauliza.

"Mwaka wa pili."

"Huu ni wa ngapi?"

"Wa sita." Namsifu alizungusha miwani mikononi. "Alama zilikuwa zinapanda. Mikoa mingine ilikuwa inamtaka Mnasihi. Ningemwambia nani kwamba tunawazima mababu?"

"Miaka minne! Mpare mzima, umekosa mdomo miaka minne! Mate yenyewe unayameza kwa kibali cha mkurugenzi!"

Hilo lilikuwa tusi, lakini pia lilikuwa mlango. Mchaga akimrushia Mpare, mtani wake wa jadi, neno la namna hiyo, Mpare hurudisha kubwa zaidi, na ugomvi unaishia kwenye kicheko. Hata mtoto wa darasa la pili angejua la kujibu. Namsifu alifungua kinywa, akatafuta, akatafuta.

"Samahani kwa usumbufu," akasema.

Aikande alimtazama kwa chuki tupu. "Mazishi ni kesho saa nane," akasema. "Sisi ni Wachaga, nyinyi ni watani wetu. Kama bado unaijua kazi ya mtani msibani, njoo uifanye. Kama huijui, usituletee huko adabu zako."

Siku ya tisini na nane watu walijaa kihambani kwa Mzee Ndekirwa, kwenye shamba la nyumbani. Vijana walikuwa sitini, wajukuu na watoto wa majirani, wamesimama safu moja chini ya migomba. Watani wa Kipare walikuja asubuhi mapema, wakafanya kazi yao. Mmoja alijilaza njiani jeneza lisipite. Mwingine alimgombeza marehemu kwa kuwasumbua watu na jua lote lile. Watu wazima walicheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo dawa yenyewe, maana kilio kinahitaji mahali pa kupumzikia. Lakini wale vijana walisimama kimya na nyuso laini, wakiangalia midomo ya wazee inavyofunguka na kufungika. Walikuwa wanasikiliza maji.

Ndipo Namsifu akafika, amechelewa, vumbi miguuni. Hakumpa mkono mtu yeyote. Alipita moja kwa moja hadi ndani, akadokezwa na wazee marehemu alivyokuwa, na alipotoka alikuwa amevaa koti kuukuu la marehemu na kofia yake, anachechemea kwa nyonga ya kushoto kama yeye. Kelele zikalipuka uwanjani. Shangazi Eliaichi alipiga yowe, "Baba jamani!" akakaa chini kwa kucheka.

Mtani kumwigiza marehemu si jambo geni. Namsifu alichechemea hadi mbele ya Aikande, akamnyooshea kidole kilekile cha kukemea cha Babu, akafungua kinywa.

Maji yakavuma.

Aikande alielewa maneno yale ni ya nani. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Akizivumilia, angekwenda juu kabisa, pale ambapo hakuna binti wa Moshi aliyewahi kufika, na moyo wake ulitaka sana, usidanganyike. Aliitazama ile midomo inavyokwenda, na hasira ikampanda. Mkono ukaenda sikioni.

"Aikande," Mnasihi akasema upesi, "ukinivua, nafasi yako chuoni..."

Akamng'oa na ngozi kidogo. Dunia ikamwingia kwa kishindo, vilio, vicheko, mbuzi wa jirani, na katikati yake, kinywani mwa Namsifu, sauti ya kukwaruza aliyoifahamu kuliko jina lake:

"...na huko angani shika vizuri, mke wangu mbovu! Ukiteleza, tafuta pengine pa kuangukia. Usije ukaniangukia kaburini! Nimekubeba mgongoni miaka yote, mgongo umekwisha, sasa niache nilale!"

Kwa hiyo alitaka aende. Yule mzee mkaidi alikuwa ameshampa ruhusa na baraka zote, na mjukuu amezisikia sekunde tatu baada ya kuitupa safari yenyewe. Nani alipwe kwa hilo? Nani ashtakiwe? Aikande alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Watu wakamgeukia, kwa sababu mtani akitukana lazima ajibiwe.

"Wewe Mpare!" akapaza sauti, kamasi zinamtoka. "Umekuja kuzika, au umekuja kumfungulia marehemu kesi kama kawaida yenu?"

"Kesi nimeshafungua!" Namsifu akamrudishia, bila kutafuta neno safari hii. "Mchaga gani anakufa siku ya gulio? Ndizi zake auze nani, mimi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Aikande akaanguka kwenye lile koti akalia kwa sauti, kama alivyopaswa kulia tangu jana. Pale chini kile kidude kikamwarifu, kwa upole kabisa, kwamba nafasi yake imeshapewa kijana mwingine.

Jioni ile Taasisi ya Utulivu ilipokea taarifa ya msiba wa Mzee Ndekirwa, kama inavyopokea taarifa ya kila mkusanyiko. Vijana waliohudhuria walikuwa sitini. Hamsini na tisa walimzika wakiwa na utulivu wa wastani wa tisini na mbili. Mmoja alilia.