Alichoonja Fundi Ulimi

Asubuhi ile haikuwa na neno. Fundi aliamka, akanywa chai na vipande viwili vya mkate, akabishana kidogo na mkewe kuhusu shati lake la kazi, ambalo mkewe alisema linatia kinyaa hata likitoka kufuliwa, kisha akaenda gereji kama kawaida. Mtaani walimwita Fundi Ulimi. Jina hilo hakulipata kwa kuongea sana, maana alikuwa mtu wa maneno machache. Alilipata kwa tabia moja ambayo ukiiona mara ya kwanza unatamani kurudisha chai uliyokunywa.

Tone likidondoka chini ya gari, mafundi wengine huchukua kitambaa na tochi. Yeye alilichota kwa kidole, akakiweka kidole ulimini, akafumba macho, akatema. "Maji ya rejeta haya, yana utamu." Au, "Hii ni breki, chungu, inaunguza." Miaka ishirini na mbili hakukosea hata mara moja, na wateja walimpenda kwa hilo, ingawa hakuna aliyetaka kunywa naye maji kikombe kimoja.

"Siku moja utaonja usichokijua," fundi rangi wa banda la jirani alizoea kumtania.

"Nitakitema kama vingine."

Saa tatu likaingia gari dogo kuukuu, kongwe kuliko wanafunzi wa yule aliyekuwa akiliendesha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa makamo, na gari lilikuwa la marehemu baba yake. Alishuka akafunga mlango taratibu sana.

"Linagonga kwenye matuta," alisema. "Usukani umelegea. Na linavuta. Mafundi watatu wamenyoosha magurudumu kwa mashine, halinyooki."

"Linavuta upande gani, mwalimu?"

Mwalimu alisita. "Inategemea."

Fundi alicheka moyoni. Gari huvuta kushoto au huvuta kulia, halina la kutegemea. Alichukua ufunguo akalitoa barabarani kulijaribu mwenyewe. Kila tuta lilijibiwa na kishindo kizito chini ya miguu yake, ngo, ngo, na usukani uliweza kuzungushwa robo nzima kabla magurudumu hayajasikia. Na kweli lilivuta kushoto, tena kwa nguvu. Alifika kituo cha mafuta, akageuza, akarudi kwa barabara ileile.

Sasa lilivuta kulia.

Alisimamisha gari pembeni. Alijiambia ni bushi, zile raba za viungo, zimekufa, au ni barabara imelala upande, akatafuta na sababu nyingine ya kujidanganya nayo. Kisha akaliachia litembee polepole, mikono ikiwa mapajani. Pua ya gari iligeuka yenyewe, bila haraka, ikaelekea mlimani, kule juu ya paa za nyumba. Alikanyaga breki. Hakumwambia mtu.

Gereji alilipandisha kwa jeki, akaliweka juu ya stendi, akatoa magurudumu ya mbele. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Shokapu zilikuwa zimevuja, bushi za mikono ya chini zimepasuka, boljointi za magurudumu zinacheza, na tairodi, zile fimbo za usukani, ukizishika zinatikisika kama jino bovu. Mwalimu alikuwa amekuja na vifaa vipya kwenye boksi, akakaa kwenye benchi kivulini kusubiri.

Kilichomshangaza fundi ni vifuniko vya mpira. Kila kiungo cha usukani kina kifuniko chake cha kuzuia vumbi, na kifuniko hushikwa kwa bangili ya chuma. Hivi vilikuwa vimefungwa kwa uzi mweusi, umezungushwa mara nyingi, una mafundo saba. Alihesabu vyote. Saba, saba, saba, saba.

Alikata uzi wa kwanza kwa kisu.

Grisi ya miaka mingi huwa nyeusi na imejaa mchanga. Hii ilikuwa ya njano. Laini. Ilitiririka taratibu kwenye kiganja chake, na ilikuwa na joto ingawa gari lilikuwa limezimwa saa nzima. Akawaza huenda mafuta ya hidroliki ya usukani yamevuja yakachanganyika na grisi. Hilo lilikuwa jambo la kulijua kabla hajafunga vifaa vipya. Basi akafanya kile alichofanya kila siku ya maisha yake ya kazi.

Aliweka kidole ulimini.

Chumvi. Mafuta mazito, kama supu iliyolala ikaganda. Na chini ya hayo, utamu fulani ambao hakuwahi kukutana nao kwenye gari lolote. Mate yalimjaa mdomoni kama ya mtu mwenye njaa. Alitaka kutema. Koo lilitangulia, likameza.

Aliinua kiganja kwenye mwanga. Ndani ya yale mafuta mlikuwa na vinywele vifupi, vyeupe. Mlikuwa na kipande cha ngozi kilichokunjamana, kidogo, cha ukubwa wa ganda la harage. Na kipande cha ukucha mnene, wa njano, wa mguu.

Fundi alikimbilia nyuma ya banda akatia vidole kooni. Chai haikutoka. Mkate haukutoka. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, akarudia kwa sabuni ya unga, akarudia kwa mchanga hadi ngozi ikachubuka, na bado vidole vilinuka sufuria. Fundi rangi alimwona akaja.

"Vipi?"

"Si kitu."

Alimaliza kazi akiwa amefunga kitambaa puani. Alifuta kila kiungo, akafunga vipya, akakaza nati, akashusha gari. Gereji ile ilikuwa na desturi yake: vyuma vya zamani hutiwa kwenye kiroba akapewa mwenye gari, ili aone kwa macho yake kwamba kweli vimebadilishwa. Wateja wengi huvitupa jalala la kwanza. Mwalimu alikipokea kiroba kwa mikono miwili, akakiweka mbali na gauni lake.

"Vyote vimo? Na vitambaa ulivyofutia?"

"Vyote, mwalimu."

Jioni mkewe alipakua mboga na nyama. Ule mvuke ulipomfikia puani, fundi alisukuma sahani. Aliona haya kusema sababu. Sababu haikuwa kwamba harufu ilimchukiza. Ilimtamanisha, na alijua inafanana na nini.

Siku ya pili alianza kugeuka.

Mwanzoni ilikuwa mambo madogo. Alikaa kwenye benchi akitazama lango, baada ya dakika chache akajikuta anatazama mlimani. Alikwenda dukani kununua kiberiti, akaishia mtaroni, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa unakata njia. Alilala chali, akaamka amebanwa ukutani, goti la kushoto limeusukuma ukuta hadi limechubuka. Mkewe alipaka dawa akamuuliza kama amekunywa. Nyuma ya ukuta ule, mbali, kulikuwa na mlima, na juu ya mlima kulikuwa na makaburi.

Siku ya tatu mwalimu alipita kushukuru.

"Limenyooka, fundi," alisema, na uso wake ulikuwa umepata usingizi. "Naliachia usukani, linakwenda tu."

Fundi alimvuta pembeni, nyuma ya ngoma za mafuta. "Vile vyuma umeviweka wapi?"

Mwalimu alitazama chini. "Nimevizika."

"Wapi?"

"Kwa baba. Pembeni ya kaburi."

Akamweleza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye viatu vyake. Baba yake alikuwa dereva, na gari lile alilipenda kuliko watoto wake, hilo kila mtu nyumbani alilijua. Sukari ilipomkata mguu wa kushoto, chini ya goti, aliudai hospitalini. Alisema anakwenda kuuzika. Kaburi la mguu hawakuliona. Waliona mgeni mmoja aliyekuja na begi, na sufuria iliyochemka uani kutwa nzima, na walipouliza waliambiwa ni grisi ya gari. Tangu siku ile mwalimu hajaweka nyama mdomoni.

"Alisema halitaibwa likapotea," mwalimu alinong'ona. "Na kweli liliibwa mara moja. Asubuhi tulilikuta mlangoni, mlango wa dereva uko wazi, hamna mtu ndani. Mguu ulikuwa unarudi kwake. Popote alipokuwa, gari lilivuta huko. Alipokufa, likaanza kuvuta mlimani."

"Na sasa?"

"Sasa mguu umefika. Umezikwa naye." Akamtazama fundi mdomoni, na rangi ikamtoka. "Fundi. Wewe ndiye wanayemwita Ulimi."

Fundi akafuta midomo kwa mkono.

"Hukuonja, sivyo?"

Fundi aligeuza uso. Ulikuwa umegeukia mlimani tayari.

Siku hiyo alikunywa maji ya chumvi, akanywa maji ya sabuni, akanywa na dawa ya minyoo aliyopewa na fundi rangi, ambaye safari hii hakuwa na utani wowote. Mkewe alimshika kiuno akitapika. Yalitoka maji, ikatoka nyongo, ikatoka damu kidogo. Juu ya yote yalielea macho ya mafuta, madogo, ya njano. Mkewe aliyaona akaziba pua kwa kanga, lakini hakumwachia.

"Yametoka?" fundi aliuliza.

"Yametoka, baba watoto. Yametoka yote."

Alitaka sana kumwamini. Kwa mwezi mzima hakuthubutu kupita hata barabara inayoelekea mlimani. Alimwambia mkewe waziwazi kinachomtisha: kwamba ataburutwa hadi kule juu, afike, na akishafika hatakuwa na sababu ya kurudi. Basi kila jioni mkewe alisukuma komeo la mlango, akatia kufuli, akalalia ufunguo. Polepole mguu ulitulia. Fundi akaanza kula wali mweupe. Akaanza kutembea akiwa amenyooka. Gereji walimwona akichukua kitambaa na tochi kama mafundi wengine, hakuna aliyemcheka, na jina la Ulimi likaanza kusahaulika.

Kisha ikanyesha mvua ya usiku kucha.

Mkewe aliamka wa kwanza kulipokucha. Ufunguo ulikuwa chini yake. Kufuli ilikuwa imefungwa, komeo liko mahali pake. Alifungua mlango atoe maji yaliyojaa kizingitini, akabaki ameshika ndoo.

Kwenye tope jeusi la uani palikuwa na nyayo. Za mguu mtupu. Zilianzia kizingitini, zikapita kamba ya nguo, zikatoka langoni kuelekea mlimani. Zote zilikuwa za mguu wa kushoto. Wa kulia haukuwepo popote. Zilipangana kwa nafasi za mtu anayetembea bila wasiwasi, na kila unyayo ulikuwa na kidole gumba kilichopinda, kile cha mumewe kilichovunjwa na jeki mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Angeutambua unyayo ule popote.

Alitazama vizuri hadi langoni. Hapakuwa na unyayo hata mmoja wa kurudi.

Aliweka ndoo chini. Alirudi chumbani kwa ncha za vidole. Mumewe alikuwa amelala chali, anakoroma taratibu, shuka imemfika kifuani, na chini ya shuka miguu yake ilikuwa miwili. Alipumua. Kisha harufu ikamfikia, harufu ya sufuria, na akaikamata shuka kwa vidole viwili kama anayekamata panya aliyekufa, akaifunua.

Mguu wa kulia ulikuwa msafi. Wa kushoto ulikuwa umepakaa udongo mwekundu, na uani kwao hakuna udongo mwekundu, uko makaburini tu. Chini kidogo ya goti mstari mwembamba ulikuwa umeuzunguka mguu wote. Chini ya mstari ngozi ilikuwa imekunjamana, ina vinywele vifupi, vyeupe, na kucha zilikuwa nene, za njano. Aliubana kwa vidole vyake. Ulikuwa na unyevu, na mafuta yakambaki mkononi.

"Baba watoto," alinong'ona. "Amka. Nimekushika wapi?"

Fundi alifumbua macho, akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alikuwa amelala vizuri.

"Hujanishika," alisema.

Mkewe alitazama kidole gumba. Kilikuwa kimenyooka.