Nililegeza Vipimo, Dada Yangu Akapoteza Vidole

Nina miaka arobaini na mbili, fundi wa kuchonga vyuma hapa Masasi. Ninayowasimulia yananinyima raha hadi leo...

Nilikuwa na karakana pamoja na rafiki yangu Saidi. Tulitengeneza mashine ndogo za kubangulia korosho. Unaweka korosho, unakanyaga pedali, kisu kinashuka. Wateja walizipenda, ila walilalamika kuwa ni ghali.

Kilichotugharimu ni muda wa kuchonga kila kipande kwa kipimo kamili. Nikaamua kulegeza vipimo vyote kidogo. Kipande kikizidi unywele mmoja, nani ataona?

Saidi alinikataza. "Miguu na meza legeza utakavyo," alisema. "Lakini ekseli, bushi inayoishika, na kisu, kaza. Huku unywele, kule unywele, mwisho wake kisu kitayumba."

Nikamwona mwoga. Tukagombana, akarudi kwao Newala.

Mashine ya kwanza nilimpelekea dada yangu Somoe, Kitangari. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Wiki ya tatu kisu kiliyumba, kikaipita kinga ya kuzuia vidole... Vidole viwili vya mkono wa kulia!

Kabla ya kwenda kumwona hospitalini Ndanda, niliipima mashine ile. Kila kipande peke yake hakikuwa na kosa kubwa. Vilipokutana, makosa yale yalijumlishana, kama alivyosema Saidi. Nilijua! Lakini pale kitandani kwake, mbele ya shemeji na majirani, nikasema dada hakuwa makini. Alinisikia. Akageukia ukutani.

Nilizikusanya mashine zote za vipimo vile, nikamfuata Saidi kumwomba radhi. Tulikaza panapogusa kisu, tukalegeza pasipo na madhara. Gharama ikashuka vilevile! Kumbe iliwezekana tangu mwanzo...

Mwezi uliopita nilijikaza, nikaenda Kitangari kukiri. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba," akajibu. Nilipomaliza kukiri kosa langu, akasema, "Nilijua tangu siku ile, mdogo wangu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Kisha akanipakulia ugali kwa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa kutumia kushoto. Aniombe radhi mimi! Tangu hapo kila ninapokaa kula, nauona mkono ule.

Mafundi wenzangu, kupunguza gharama si dhambi. Lakini jueni kwanza ni wapi pa kulegeza na ni wapi pamebeba usalama wa mtu. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Msimwache aliyeumia abebe na lawama zenu, kama nilivyomfanyia dada yangu.