Mgonga Bomba wa Kanamkemer

Ngo! Ngo! Ngo!

Kisha kimya. Kisha tena: ngo! ngo! Chuma kwa chuma, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi huku akiomba wenye nyumba wasiamke.

Akidor alifumbua macho. Alfajiri ilikuwa bado changa na mtaa wa Kanamkemer, pembezoni mwa mji wa Lodwar, ulikuwa haujaanza kelele zake. Kila siku saa kama hii yeye na jirani yake Ashley walichukua mitungi wakaenda kwenye kioski cha maji kabla foleni haijawa ndefu. Lakini siku nyingine zote kilichomwamsha ni mbuzi, si chuma.

"Umesikia?" Ashley alinong'ona alipomkuta mlangoni.

"Nimesikia. Inatoka kioskini."

Wakatazamana. Kanamkemer nzima ilikuwa haijasahau mabomba yaliyoibwa mwezi uliopita. Watu waliamka wakakuta bomba limekatwa kama mua, na kwa siku kadhaa akina mama wakarudi kufukua mchanga wa lagha, ule mto mkavu, kutafuta maji. Mwizi hakupatikana. Tangu hapo kila mgeni alitazamwa mara mbili, na akiwa na begi, mara tatu.

Wasichana wale walisogea polepole, mitungi mikononi. Nyuma ya tangi waliona viatu vya buti. Kisha suruali ya jinzi. Kisha mwanamke mzima amepiga goti, nyundo ndogo mkononi, sikio kalibandika kwenye bomba kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa.

Ngo! Akasikiliza. Akasogea kidogo. Ngo!

"Ejok," mwanamke yule alisema alipowaona. Ilikuwa salamu ya Kiturkana, lakini ilitoka katika ulimi wa watu wa milimani.

"Ejok-nooi," Akidor alijibu kwa shingo upande.

"Mwenye kioski amefika?"

"Bado. Wewe unafanya nini na bomba letu?"

Mwanamke alicheka. "Nalisikiliza. Halafu, mtoto mzuri, unamjua Injinia Akaale? Nimeambiwa anakaa huku. Natafuta wanachama."

Wanachama! Nywele za Akidor zilisimama. Akaale alikuwa mama yake.

Jana tu jioni mama alikuwa amekaa mezani, michoro ya kisima kipya imetandazwa mbele yake, uso umekunjamana. Akaale alikuwa amesomea uhandisi wa maji chuo kikuu. Kisima kile alikipima yeye na kukichora yeye. Lakini kwa kuwa alikuwa bado hajasajiliwa kuwa mhandisi kamili, michoro yake ilitiwa sahihi na mtu mwingine, na jina la mtu huyo ndilo lililosomwa kwenye mkutano.

"Si ujisajili, Mama?" Akidor alikuwa ameuliza.

"Lazima kwanza nifanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anisimamie, anishuhudie. Nimetafuta miaka. Walio karibu hawana nafasi, na walio na nafasi wako Nairobi." Kisha akasikia gari la kipaza sauti likipita barabarani, akasonya. "Na hawa wa vyama wameanza tena! Kura za juzi nilijikuta mwanachama wa chama nisichokijua hata rangi yake. Mtu yeyote akija hapa kutafuta wanachama, mwambie sipo."

Basi sasa mtu alikuwa amekuja.

"Hayupo," Akidor alisema. "Ameenda Kalokol, kule ziwani."

Uso wa mgeni ulianguka. "Kalokol? Atarudi lini? Tunakutana Kakuma Jumamosi."

"Sijui."

"Basi nipe namba yake ya simu."

"Simu yake imeanguka ziwani."

Ashley aligeuka upande ili asionekane akicheka. Mgeni aliweka nyundo begini, akaondoka kuelekea mjini.

"Ati bomba linasikilizwa!" Ashley alisema. "Linaimba nini, nyimbo za kanisa?"

"Anapima lilipo laini, aje alikate," Akidor alijibu, na kadiri alivyolisema ndivyo alivyoliamini. "Chama ni kisingizio tu."

Kusema kweli, Akidor alikuwa na kipaji. Maneno yalimjia yakiwa tayari yameshikana mikono. Walipofika shuleni alikuwa na wimbo mdomoni, na kufikia mapumziko Gredi ya Sita yote ilikuwa ikiurukia kamba:

Ngo-ngo-ngo, bomba lalia,
mgeni anavizia,
chama anasingizia,
bomba atatuibia!

Akidor alijisikia mrefu siku ile. Wavulana wa darasa la juu walimwomba awafundishe. Ashley, ambaye baba yake alikuwa karani wa serikali na ambaye alijua kila mlango wa mtaa, aliubeba wimbo hadi sokoni. Jioni Akidor alimsikia muuza samaki akiunguruma "bomba atatuibia" huku akipanga samaki wakavu. Akacheka peke yake. Kwa mama hakusema kitu.

Kesho yake, walipotoka shule, waliona kioskini umati na pikipiki zimezungushwa kama boma. Katikati, mgongo kwenye tangi, alisimama mwanamke wa buti. Begi lake lilikuwa mikononi mwa Esekon, mwendesha boda aliyeogopwa na stendi yote.

"Hii mama inatafuta nini hapa na spana?" Esekon aliuliza, akiinua chuma kile watu wakione. "Sema! Spana ni ya kupikia ugali?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Nimekuja kumwonyesha mwenye kioski mahali mchanga ulipoziba bomba," mwanamke alisema. "Mimi ni mhandisi. Naitwa Jeptoo. Nafanya kazi ya maji Kakuma."

"Na mbona jana ulikuja gizani?"

"Nilikuja mapema nimkute kabla..."

"Gizani!" mtu alipaza sauti. Na mwingine, nyuma, akaanza: "Ngo-ngo-ngo, bomba lalia..."

Wote wakaitikia.

Akidor alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Yalikuwa maneno yake. Lakini vinywani mwa watoto yalikuwa yamerukaruka. Vinywani mwa wanaume hawa yalikuwa na meno. Aliona kijana mmoja akiinama, akaokota jiwe, akalipima kwa kiganja.

"Twende nyumbani," Ashley alimvuta. "Tukisema, watatugeukia sisi."

Akidor alitaka kwenda. Miguu ilitaka. Lakini macho ya mgeni yalikuwa yamemwona katika umati, na hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakiuliza tu, kama jana.

Akapenya kati ya pikipiki. "Acheni! Wimbo nimeutunga mimi!"

Esekon alimtazama kutoka juu. "Umetunga wewe? Basi uliona akikata?"

"Sikuona."

"Uliambiwa na nani?"

"Hakuna mtu. Nilisikia tu akigonga. Nikadhani."

Kijana yule aliliachia jiwe, likaanguka mchangani bila mtu kuligeukia.

"Haki ya Mungu," Esekon alisema, "tulikuwa karibu kumpiga mtu kwa sababu ya shairi la mtoto?" Alimrudishia mgeni begi lake kwa mikono miwili, macho chini. "Na wewe, mama, kama kweli ni mgonjwa hili bomba, tuonyeshe."

Jeptoo alifuta jasho. Akamwita mwenye kioski, akampa nyundo. "Gonga hapa. Sasa hapa." Hapa bomba lililia kwa sauti nyembamba, na pale lilijibu zito, kama kifua chenye makohozi. Mwenye kioski mwenyewe akafungua kiungo cha pale kwa spana iliyotaka kumwua mgeni. Mchanga ukamwagika mweusi, mwingi, kisha maji yakafuata yakiruka.

Akina mama walipiga vigelegele. Lakini Akidor hakucheka, kwa maana nyuma yake pikipiki ilikuwa imesimama, na aliyeshuka alikuwa mama.

"Nimepigiwa simu kazini," Akaale alisema akihema. "Ati binti yangu yuko katikati ya fujo." Akamgeukia mgeni. "Na wewe ni nani?"

"Jeptoo. Injinia. Nimemtafuta Injinia Akaale kwa siku mbili, lakini niliambiwa ameenda Kalokol na simu yake imezama ziwani."

"Akaale ni mimi. Kalokol sijafika tangu Pasaka." Mama alimtazama Akidor, na Akidor akaangalia vidole vya miguu yake. Lakini mama pia hakuwa amelegeza uso. "Unanitafutia nini?"

"Nataka ujiunge na chama."

"Nilijua! Kadi yenu ni ya rangi gani? Mgombea wenu nani?"

Jeptoo aliangua kicheko hadi akashika tangi. "Jamani! Hatuna mgombea. Ni chama cha wahandisi wanawake! Nchi nzima kipo, ila huku Turkana kila mmoja wetu anahangaika peke yake. Makao makuu wamekubali tufungue tawi tukijitokeza wa kutosha Jumamosi. Tukiwa na tawi, sisi tuliosajiliwa tutawasimamia wenzetu ambao bado. Mimi nimesajiliwa. Nilisikia kuna mwanamke Lodwar anayechora visima na sahihi inakuwa ya mtu mwingine. Ndiyo nikapanda gari."

Mama aliweka mkono kifuani. Kitu alichokitafuta miaka kilikuwa kimekuja hadi mlangoni kwake, na kikafukuzwa.

"Sasa sijui," Jeptoo aliendelea, na kicheko kikaisha. "Injinia Awino wa barabara, kule Nawoitorong, alikuwa amekubali, na ana wenzake wawili. Leo asubuhi amenipigia. Amesikia wimbo. Amesema hajiungi na genge la wezi. Bila hao watatu, tawi halipo."

Jioni ile mama na Akidor walitembea hadi Nawoitorong. Njia nzima Akidor alisubiri kugombezwa. Hakugombezwa, na hilo lilimwuma zaidi.

Awino aliwafungulia mlango nusu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha matingatinga. "Mmetumwa na yule mgonga bomba?"

"Hapana, Anti," Akidor alisema. "Nimejileta. Mimi ndiye niliyeimba kwamba ni mwizi. Sikumwona akiiba. Nilimdanganya pia kwamba Mama hayupo."

"Na nitajuaje kwamba huu si uongo wa tatu?"

Swali lile lilimchoma. Akidor akasema ukweli: "Hutajua. Nenda kioskini umwulize Esekon. Au ugonge bomba mwenyewe."

Awino alimkazia macho. Kisha akamtazama Akaale. "Huyu wako ana mdomo."

"Anao," mama alisema. "Ndio shida yetu."

Mlango haukufunguka zaidi. "Nitafikiri," Awino alisema, akaufunga.

Jumamosi, ukumbi wa Kakuma ulikuwa na viti vingi kuliko watu. Kulikuwa na Alek, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayesomea uhandisi wa umeme, ambaye aliuliza mlangoni kwa wasiwasi, "Na mimi wa kambini, chama hiki changu pia?" Jeptoo akamvutia kiti cha mbele akasema, "Unasomea uhandisi? Basi ni chako. Utaingia kama mwanafunzi." Wengine wachache walifika. Saa ya mkutano ikapita. Jeptoo alitazama mlango, akatazama sakafu. Akidor, pembeni, alihisi kila kiti kitupu kinamnyooshea kidole.

Ndipo nje sauti ya kuamrisha ikasikika: "Mbona hamjaweka alama barabarani? Tumezunguka Kakuma nzima!" Awino akaingia, na nyuma yake wawili.

"Nimegonga bomba lenu," alimwambia Akidor alipopita. "Linalia vizuri."

Tawi likafunguliwa. Jeptoo akatangaza kwamba mtu wa kwanza atakayemsimamia ni Akaale, na kwamba mwaka ujao kila mmoja alete mwenzake. Akaale aliinuka kuzungumza, na macho yake yakamtafuta binti yake.

"Kwetu Turkana," alisema, "mwenye kujenga nyumba ni mwanamke. Lakini nyumba yetu, akai, haijengwi na mkono mmoja. Ukizikunja fito peke yako, zinakurudi usoni. Mmoja hushika, mwingine hufunga. Mimi nimekunja fito peke yangu miaka yote, na mwenzangu alipokuja kushika, nyumbani kwangu aliambiwa sipo. Kosa hilo nililianza mimi. Ni mimi niliyemfundisha mtoto wangu kusema 'mwambie sipo'. Akidor, kuwa macho si vibaya, wezi wapo. Lakini dhana si ushahidi. Ukishuku, uliza kwanza. Neno ni kama maji, likimwagika halizoleki, na hili lako lilitaka kumwagika na damu."

Akidor alilia kidogo, bila sauti. Mkutano ulipokwisha, Jeptoo, mama akimfuata, alimkuta nje karibu na bomba la maji.

"Hebu niambie," alisema, akimpa ile nyundo ndogo. "Mwizi gani anagonga ngo-ngo-ngo watu waamke ndipo aibe?"

Akidor alicheka katikati ya machozi. "Ninaomba msamaha, Injinia."

"Ulisikia nikigonga. Hukusubiri kusikia bomba linavyojibu. Ukitaka kuwa mhandisi, au hata mtunzi, sikiliza jibu. Haya, gonga."

Akidor alipiga goti, akabandika sikio kwenye chuma chenye joto la jua. Ngo! Akangoja. Ndani kabisa, maji yalipita yakinong'ona. Akainuka, akamtazama yule mwanamke machoni bila kukwepa.

"Injinia Jeptoo, nakuahidi, na Mama anasikia: neno lolote nisilolielewa, nitaliuliza kabla sijaliimba."